Gauni la Kwenda Kuomba Msaada

Kwenye kibanda chake cha arepa, vile vimkate vya mahindi, katikati ya soko la Bazurto mjini Cartagena, Yuranis alimmwagia mteja pilipili kwenye mkono wa shati, akaendelea kumimina akidhani anamimina kwenye arepa.

“Mrembo, hilo shati,” alisema mteja. “Arepa iko huku.”

“Basi kula shati, mpenzi. Limeiva.”

Mteja huyo alikuwa Eliécer, fundi cherehani, na toka siku hiyo hakukauka kibandani. Akaja kujua kuwa Yuranis ana presha ya macho, na kwamba asipopasuliwa mwaka huu, mwakani atakuwa kipofu. Lilikuwepo shirika linalowalipia maskini upasuaji. Yuranis akaomba, wakamwita kwa mahojiano.

Sisi watu wa Cartagena hatuendi ofisini tumevaa ovyo, hata kama jikoni hamna kitu. Eliécer akamshonea gauni la kitani la njano, akamwazimia na hereni za dhahabu za mama yake.

“Umependeza mpaka naogopa kukuachia uende.”

“Acha maneno, nifungie zipu.”

Dada wa shirika alimtazama toka masikioni hadi miguuni. “Msaada huu ni wa wasio na kitu, mama. Wewe unajiweza.” Yuranis akaeleza kuwa hereni ni za kuazima. Akajibiwa kuwa wote husema hivyo, na nafasi yake akapewa mwingine.

Jioni alipokea simu ya Eliécer.

“Wamesemaje, kipenzi?”

“Gauni lako limeniponza. Usinipigie tena.”

Mimi simlaumu fundi. Nawachukia wanaotaka maskini anuke ndipo wamwamini.

Kesho yake Eliécer akavaa shati lililochanika, akaenda mwenyewe kumwombea. Mlinzi akamzuia getini: wachafu hawaingii. Akatoka hapo moja kwa moja hadi kibandani.

“Fundi mzima umevaa nini hiki?” Yuranis alimuuliza, akilipapasa shati.

Akamsimulia. Yuranis akacheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikamwishia.

“Nisamehe,” alisema. “Hakuna pengine pa kwenda, Eli. Nioe mwezi huu, nikuone umevaa suti.”

“Na mwakani?”

“Mwakani utakuwa unaniambia umevaa nini. Na usinidanganye.”

“Sitakudanganya,” alisema Eliécer, akageuza uso haraka, maana machozi yale Yuranis alikuwa bado anaweza kuyaona.