Mgeni wa Jiwe la Kusagia

Bwana anisamehe. Nasema nilivyotenda.

Ilikuwa Novemba 2009, saa kumi jioni, na Stockholm giza tayari. Nilikwenda kazini, kusafisha jumba moja la vitu vya kale. Mwanangu Heshima, miaka saba, alikuwa hospitalini Flemingsberg, wiki tatu hali kitu. Kanisa letu lilifunga na kuomba siku tatu ili ale.

Siku ya pili mimi, mamake, nilishindwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa na vitu vya wakulima wa zamani sana, waliolima mpakani mwa utawala wa Warumi. Nilisoma kibao polepole: nafaka yao ilichukuliwa kulisha askari. Katikati, jiwe lao la kusagia. Nikaketi chini karibu yake, nikafungua bakuli langu la bugali na sombe, majani ya muhogo. Godelieve, tunayesafisha naye, akachungulia.

"Mama Heshima, na ile funga?"

"Nyamaza, dada."

"Mimi sijaona. Aliyeona ni Mungu." Akacheka, akaenda na ndoo yake.

Nikameza tonge la kwanza...

Krr... krr...

Jiwe linasaga nyuma yangu. Harufu ya udongo mbichi, na nafaka iliyoungua. Pembeni mwa jicho niliona miguu ya mwanamke, mikavu, yenye matope. Kwetu, mtu akikukuta unakula, unamkaribisha hata kabla hujamtazama. Mdomo ukasema wenyewe:

"Karibu, mama. Tule."

Kusaga kukakoma.

Niligeuka. Hakuna mtu. Bakuli lilikuwa tupu, kavu, kama halijawahi kutiwa kitu.

Sikuogopa. Sikusikia chochote moyoni, na mpaka leo sisikii.

Simu ikalia. Muuguzi. Heshima anakula.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba funga yetu imejibiwa. Wakaimba. Nami nikaimba.

Sasa ni wiki ya sita, tuko nyumbani Hallonbergen. Mtoto anakula kutoka asubuhi hadi jioni, na mbavu zake nazihesabu. Madaktari wanapima, hawaoni kitu. Jana nilimnong'oneza:

"Hushibi, mwanangu?"

Akajibu kwa Kiswidi, akitafuna. Alisema yeye alishiba zamani. Ni yule mama wa matope, bado hajashiba.

"Mwambie aende."

Akasikiliza kidogo...

"Anasema wewe ndiye ulimwita."

Nimetafuta maneno ya kumwondoa mtu uliyemkaribisha chakula. Kwetu hatukufundishwa.

Nikakata bugali, nikawaongezea.