Mjomba, Nicheke Sasa?

Watu hudhani adui wa picha ni giza. Siyo. Filamu ikipigwa na mwanga kabla ya kusafishwa, hutoka nyeusi tii, na ile ya binti wa dobi niliiharibu mimi, kwa njiti moja ya kiberiti. Nilitaka kuvuta sigara ndani ya chumba cha giza. Uzembe mtupu.

Wiki hiyohiyo mtoto akafariki kwa homa. Mama yake, yule dobi, akaja kuchukua picha. Hakuwa na nyingine ya mwanawe. Niliona aibu kusema ukweli.

"Dada, wenzake wote niliowapiga siku ile wametokea. Mwanao tu ndiye hakutokea."

"Hakutokea?" alinong'ona.

"Wapo wasionaswa na picha. Waulize wazee wa kwenu."

Kufumba na kufumbua, mtaa mzima ukajua kwamba mtoto yule hakuwa mtu. Hakuna aliyempelekea tena dobi yule nguo. Mumewe naye akafungasha virago. Mimi nikanyamaza, nikaendelea kupiga watu picha.

Jana jioni nilipitia studio kumalizia picha za harusi. Nikawasha taa nyekundu, nikatia karatasi kwenye dawa... Bibi harusi akatokea. Bwana harusi akatokea. Katikati yao, doa jeusi. Kimo cha mtoto wa miaka minne.

Nikasafisha nyingine. Doa lilikuwa limesogea mbele.

Ya tatu... harufu ya sabuni ya kufulia ikajaa chumba. Kisha sauti, usawa wa kiuno changu.

"Mjomba, nicheke sasa?"

Ndivyo alivyoniuliza siku ile, mbele ya kamera.

Nilitoka mbio hadi kwa mama yake. Nimwambie yote, nimsafishe jina, hata akinitemea mate. Alifungua mlango na kibatari mkononi. Alikuwa amekonda mno.

"Karibu, kaka. Wengine walinisema pembeni. Wewe uliniambia ukweli usoni."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Akainua kibatari anitazame vizuri. Macho yake yakanipita, yakatua kwenye ukuta wa jirani, nyuma yangu. Nikageuka.

Vivuli viwili.

"Kaka... Huyo uliyemshika mkono ni nani?"

Nilimjua. Ilitosha kutamka neno moja.

"Sijui, dada," nikasema.

Vidole vidogo, vyenye unyevu, vikanibana kiganja. Havijaniachia mpaka sasa.