Mdogo Asiyekula Sana

Foleni ya dirisha la vifurushi katika Posta ya Mbeya ilikuwa imetoka nje hadi barazani. Ilikuwa Novemba 1978, mvua za kwanza zimeshalowesha mji, na watu walisimama wamejikunyata ndani ya masweta, wakinuka unyevu na moshi wa kuni. Evarista alikuwa amekuja kutoka Iringa kwa mafunzo ya wiki moja ya wapokea simu. Alivaa sketi ndefu ya kijani na koti la sufu, na kwapani alibana blanketi alilotaka kumpelekea dada yake aliyejifungua Dodoma.

Mbele yake alisimama kijana mrefu, suruali yake ya bugaluu ikifagia sakafu, viatu vya raizoni vikimwongezea urefu ambao hakuuhitaji. Karani alimwamuru afungue boksi lake. Ndani mlikuwa na sifongo nyeusi, na juu ya sifongo vitu viwili vidogo, kila kimoja kina miguu mingi ya bati.

"Hawa wadudu gani?" karani akauliza, akirudisha mkono.

"Si wadudu, mzee. Ni vipuri vya kazi."

"Vinauma?"

Evarista akaangua kicheko kabla hajajizuia. Kijana akageuka.

"Dada, badala ya kunicheka nisaidie. Mwambie mzee haviumi."

"Nitajuaje, kaka? Mimi havijaniuma bado."

Kijana akasahau boksi lake. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sauti hiyo naisikia kila asubuhi. 'Iringa hapa, namba tafadhali.'"

Evarista akajiziba mdomo kwa kiganja. "Wewe ndiye Mbeya mbili-saba-nne? Yule anayesema 'mwangaluka' badala ya 'halo'?"

"Ndiye mimi. Bujiku, fundi wa mradi wa maji. Na nilidhani wewe ni mama wa watoto sita."

"Na mimi nilidhani wewe ni mzee mwenye kitambi!"

Foleni nzima ikacheka. Walitoka Posta pamoja, wakanywa chai ya maziwa, na saa kumi na mbili jioni walikuwa bado wanaongea.

Tangu siku hiyo, simu za Mbeya kwenda Iringa ziliongezeka. Bujiku alikuwa na mwenzake wa kazi pale Iringa, Edmund, na kila asubuhi ilimbidi ampigie. Lakini kabla ya Edmund, kulikuwa na Evarista.

"Mwangaluka, laazizi."

"Kamwene, mbili-saba-nne. Unamtaka nani?"

"Namtaka anayeniuliza."

"Huyo yuko kazini. Nakuunganisha na Edmund kabla msimamizi hajanisikia."

Polepole alimjua. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa Kisukuma waliohama Shinyanga na ng'ombe wao hadi bonde la Usangu, wakajenga karibu na Madibira, kando ya mto Ndembera. Baba alikuwa ameshafariki. Mama yake, Mbuke, alibaki pale na ndugu na mifugo. Krismasi ilipokaribia, kazi ilimleta Bujiku Nyololo, na Evarista akapanda basi akamfuata. Walikula katika kibanda cha mama mmoja, ugali na kuku wa kienyeji, na Evarista akaisafisha sahani yake mpaka ikang'aa.

"Mpenzi, unakula kama umetoka kulima!"

"Nimelima simu wiki nzima. Ongeza mchuzi."

Alirudi Iringa akiimba ndani ya basi. Rozalia, msimamizi wake, akamwambia, "Binti, umeshikwa." Hakubisha.

Siku ya balaa ilikuwa Jumatano moja katikati ya Januari. Laini ya Mbeya ilikuwa inakatikakatika, na sheria ilimtaka mpokea simu aingie mara moja kuhakikisha kwamba wateja bado wanasikilizana. Evarista akaingia. Bujiku alikuwa anamwambia Edmund:

"Nimekaa nao wote wawili, ndugu yangu, miezi miwili sasa. Yule mkubwa ni mjanja, ana haraka, kila mtu anamsifu. Lakini anakula, Edmund! Anakula! Na akikaa kidogo anapata moto. Mdogo ni mpole. Ukimwambia lala, analala, ukimwamsha, anaamka. Hali sana. Nimeshaamua: namchukua mdogo. Nampeleka kwetu Ndembera, akamwangalie mama."

"Na mkubwa utamwambiaje bosi?"

"Mkubwa namwacha. Nitavumilia maneno."

Evarista akachomoa waya kana kwamba umemuunguza. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mrefu, mwenye kifua na mikono ya kazi, na hakuwahi kuona aibu juu ya hilo hadi dakika ile. Anakula. Mbele ya macho yake ikaja sahani ya Nyololo. Kumbe alikuwa akipimwa! Kumbe kuna kasichana kengine, kapole, kanakolala kakiambiwa, na ndiko kanakopelekwa kwa mama.

Asubuhi iliyofuata taa ya Mbeya ikawaka.

"Mwangaluka, laazizi."

"Laini zimejaa, mbili-saba-nne."

"Evarista? Ni mimi."

"Nimesema laini zimejaa."

Baadaye alimwachia Rozalia laini zote za Mbeya. Barua mbili zilikuja. Aliziweka chini ya godoro bila kuzifungua. Mwishoni mwa Januari simu zile zikakoma kabisa, na kukoma kwazo kukamuuma kuliko zilipokuwa zikilia.

Masika yakaja kwa hasira. Milima ya Mufindi ilifunikwa na ukungu siku baada ya siku, na barabara zikageuka uji. Asubuhi moja ya Machi, saa mbili kasoro, Evarista akiwa peke yake mbele ya swichibodi, taa moja ambayo haikuwa na kawaida ya kuwaka iliwaka. Ilikuwa zahanati ya misheni moja kule kwenye vilima vya juu ya Ndembera.

"Iringa hapa, namba tafadhali."

"Mwanangu, ni Mama Damari, muuguzi. Niunganishe na Edmund wa mradi wa maji, upesi. Redio aliyoniachia Bujiku inalia. Alisema ikilia hivi, maji yamevuka alama nyekundu mtoni."

Evarista akapiga ofisi ya mradi. Edmund alikuwa ametoka. Akapiga tena, hakuna. Jina moja tu lilikuwa limebaki, na vidole vyake viliijua namba hiyo bila kutazama kitabu.

"Mbeya mbili-saba-nne."

"Bujiku, ni Iringa. Redio ya Mama Damari inalia."

Sauti ikatoka kama ya mtu aliyepigwa. "Maji yatafika Madibira kabla ya magharibi. Evarista, ofisi ya serikali kule bondeni ina simu, na redio ya upepo ya kuita vijijini. Waambie watu wote wa kando ya mto wapande kwenye mwinuko, na ng'ombe wao. Sasa hivi. Mama yangu yuko pale!"

"Nimeelewa. Kata simu."

Alikata mazungumzo ya wafanyabiashara wawili, akachukua laini yao, akapiga bondeni.

"Nani ametoa habari hizi?" sauti ya kiume ikauliza.

"Kuna mashine mtoni, kaka yangu. Imeona maji."

"Mashine?"

"Mashine! Ikiwa imedanganya, watu watakuwa wamepanda kilima bure na mtanifukuza kazi mimi. Ikiwa imesema kweli, je?"

Sauti ikasema, "Tumepokea, dada. Tunawaita."

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Saa nne Edmund, aliyekuta ujumbe wake ofisini, alifika mbio, tope hadi magotini, akaketi kwenye kiti cha mgeni karibu na Evarista.

"Siku hamsini na moja!" alisema, akitikisa kichwa. "Siku hamsini na moja kwa betri za tochi, na bado ameamka. Yule mdogo wa Bujiku ni kiboko."

Evarista akageuka taratibu. "Mdogo yupi?"

"Ile chipu. Akili ya mashine, prosesa. Zililetwa mbili kwa posta mwaka jana ili achague."

"Zenye miguu mingi?"

"Hizo hizo. Kubwa ilikuwa na mbio ajabu, na programu yake ilikuwa tayari. Bosi wetu, Mzee Liberatus, aliitaka hiyo. Lakini ilikula umeme kama mwendawazimu, na inapata moto. Ingetaka betri ya gari, na betri ichajiwe kila siku ya tatu. Bujiku akauliza: masika haya, nani atafika mtoni na betri? Na kwa vita hii ya Kagera, petroli ipo wapi? Ya pili ina namba 1802. Haina mbio, lakini inakula kidogo mno. Inalala, kila dakika kumi inaamka, inatazama boya, inalala tena. Redio haiwashi mpaka maji yapande. Ila programu ilibidi aiandike upya, herufi kwa herufi, kabla ya masika. Liberatus alimwambia mbele yetu: ikishindwa, huna kazi. Bujiku akasema sawa."

Evarista alishika ukingo wa meza. "Na ile kubwa ingewekwa?"

"Betri ingekufa Februari. Leo tusingesikia chochote hadi kesho, na kesho tungesikia misiba."

Aibu na hofu vilimjia pamoja. Kwa miezi miwili alikuwa amekionea wivu kidude kisichozidi kidole, huku mtu wake akipigania watu wa kwao bila wa kumwambia hata pole. Na sasa, kama mama yule hakusikia wito, angemtazamaje usoni?

Saa kumi na moja na nusu taa ya bondeni ikawaka. Ilikuwa sauti ile ile ya asubuhi, imekauka kwa kupiga kelele.

"Dada wa Iringa? Maji yamefika. Yamechukua nyumba tisa na maghala. Watu wote wako kilimani. Wote, tumewahesabu mara mbili. Ng'ombe nao, isipokuwa ndama wachache."

"Mama Mbuke?"

"Yupo. Anagombana na kila mtu juu ya mbuzi zake."

Evarista akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Akaunganisha Mbeya. Bujiku alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama ni mzima," alisema Evarista. "Wote ni wazima."

Akasikia pumzi ndefu, kisha kilio cha mwanaume asiyejali nani anasikia. Akamngoja.

"Bujiku. Nilikusikia ukimwambia Edmund unamwacha mkubwa anayekula. Nikadhani ni mimi."

"Wewe?" Akacheka katikati ya machozi. "Mungu wangu! Na mimi nilidhani umepata karani wa benki."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimesamehe kabla hujasema. Lakini kula, tafadhali. Usije ukaacha kula kwa sababu ya chipu."

Jumamosi saa saba mchana, Evarista alipotoka kazini, aliwakuta wamesimama ng'ambo ya barabara. Bugaluu ya Bujiku ilikuwa imegandana kwa tope jekundu. Pembeni yake alikuwa mama mwembamba mwenye kitenge kilichofifia na macho makali. Evarista akavuka, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewapigia kelele wale wa serikali?"

"Ni mimi, mama."

Mbuke akamtazama juu hadi chini, akashika mkono wake, akaubonyeza kama anayepima ng'ombe wa maziwa. "Vizuri. Mkono huu una nguvu. Mwanangu, sema ulilokuja kusema, miguu inaniuma."

Bujiku akakohoa. Maneno yote aliyopanga njiani yalikuwa yamemkimbia. "Evarista, nataka kumwona baba yako."

"Baba yuko Igowole. Hana simu."

"Sitaki kumpigia. Nataka kupanda basi, niketi mbele yake, nimwombe. Leo, ukikubali."

Evarista alimtazama usoni, akashuka kwenye mabega, akafika kwenye suruali.

"Kwa baba yangu huendi na tope hilo."

"Maana yake umekubali?"

"Maana yake njoo nyumbani ufue kwanza. Jua lipo, itakauka kabla ya basi la saa tisa."

Walipoanza kuvuka, Bujiku akasimama mdomo wazi katikati ya barabara, baiskeli zikimpigia kengele, na Mama Mbuke akacheka kwa mara ya kwanza tangu maji yachukue nyumba yake.