Picha Aliyoambiwa Aifute

Hawa wawili walikutana wakigombea kitambaa. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na mnajua mwisho wa mwezi madukani kunakuwaje, watu wanakanyagana utafikiri vitu vinagawiwa bure. Duka lenyewe jembamba, majora yamepangwa mpaka darini, feni inazunguka kivivu, inapeperusha vumbi la nyuzi na kila mtu anapiga chafya. Dada kashika jora la kitambaa cheupe upande huu, kijana kalishika upande ule, na hakuna anayeachia.

Dada alikuwa mrefu, shingo imenyooka, kavaa sketi ya bluu na blauzi ya njano iliyomkaa vizuri. Miguuni alikuwa na ndala, viatu vya kisigino vimo mfukoni. Kazi yake ilikuwa kuvaa nguo za mafundi cherehani apigwe picha, zile picha mnazoziona zimebandikwa kwenye milango ya maduka. Mwanamitindo, ndivyo wanavyoitwa. Mtu ukiangalia unaona kazi gani hiyo, si kusimama tu? Sasa hebu simama wewe kutwa nzima kwenye kisigino halafu utabasamu.

Akamtazama kijana, akamuuliza, "Kaka, shuka lote hili unamvalisha nani?"

"Ukuta."

"Ukuta wako una bahati. Wa kwetu hauna hata pazia."

Kijana akacheka mpaka akaachia jora. Akamweleza kwamba yeye ni mpiga picha, kitambaa anakitundika nyuma ya watu. Mwenye duka alikuwa kachoka nao, akakata vipande viwili, kila mtu chake, akawaomba waondoke mlangoni wateja wapite. Wakaondoka pamoja. Hivyo tu.

Lakini kijana alipomwita kwa kazi, yule dada hakwenda studio peke yake. Alikuwa kaumizwa zamani. Mpiga picha wa kwanza aliyefanya naye kazi alikuwa kila saa anakuja kumrekebisha kola, na mkono ukishafika kwenye kola hauondoki. Baadaye ikagundulika ana picha zake alizompiga akiwa anabadilisha nguo. Tangu hapo kila kazi alikwenda na shangazi yake, ndiye aliyemlea, mama mnene mwenye maneno, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango na pakiti yake ya karanga.

Na kule kwa kijana, ghorofani juu ya duka la dawa, shangazi hakupata cha kulalamikia. Mlango ulikuwa wazi muda wote. Chumba cha kubadilishia kilikuwa na komeo kwa ndani. Kijana hakumgusa mtu bila kuomba, na mara nyingi hakuomba hata kugusa, alionyesha kwa mwili wake mwenyewe. Akitaka dada atoe nyonga, anaitoa yake. Akitaka alegeze bega, analegeza lake, anageuza shingo, anabinua midomo. Siku ya kwanza shangazi alicheka mpaka karanga ikamkwama, kazi ikasimama, wakampa maji.

Kazi ikiisha, kijana alikuwa anakaa na aliyepigwa, wanapitia picha moja moja. Hii acha. Hii futa. Ukisema futa, anaifuta palepale unaona, haulizi kwa nini. Hapo ndipo moyo wa dada ulipoanza kwenda. Wengine wanapendea sura, wengine maneno matamu. Yeye alimpendea ile futa.

Kijana naye alikuwa kashazama siku nyingi, ila ana msimamo wake: anayempiga picha hamtongozi. Dada alipolisikia hilo akampigia simu.

"Kwa hiyo mimi nisubiri nizeeke, niache kazi, ndiyo unitongoze?"

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Fanya kazi saa za kazi. Saa zikiisha nipigie."

Basi ikawa hivyo. Simu zikawa haziishi, malkia umekula, mpenzi umefika, laazizi mbona kimya. Shangazi alilalamika kwamba nyumba imekuwa kituo cha simu, na huku anatega sikio kila neno. Dada akaanza kuwapeleka na wenzake kule studio, mabinti wapya kwenye kazi, wanaogopa. Mama zao walikuwa wanamuuliza, huyo mtu mzuri kweli? Anajibu, mpelekeni, mimi ndiye nasema. Na walipeleka kwa neno lake.

Kijana akapeleka wazee, posa ikakubaliwa. Shangazi akasema sasa haendi tena kukaa kwenye kigoda, mtu na mchumba wake, ya nini kuwalinda. Nyumba nzima ilicheka. Hakuna aliyefikiri kwamba pale kuna kitu kimeachiwa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya gauni la kijani lenye mabega ya kamba nyembamba. Dada alikwenda peke yake. Chini barabarani walikuwa wanachimba mtaro, makelele na vumbi, wakafunga mlango. Katikati ya kazi dada akainama kufunga mkanda wa kiatu, kijana akasema utani fulani, dada akacheka kinywa wazi, kamba ya bega ikateleza, gauni likashuka kuliko alivyotaka. Kamera ikalia.

Walipopitia picha dada akafika pale, akasema, hii futa. Kijana akabonyeza vitu, akamwambia nimeifuta. Dada hakuangalia kioo cha kamera. Alikuwa anavaa ndala zake. Angekuwa mtu mwingine angeangalia, lakini huyu alikuwa wake.

Sasa mnisikilize. Yule kijana hakuwa mhuni. Aliipenda ile picha. Alikuwa kampiga picha nyingi sana za kutabasamu kikazi, na hii moja tu ndiyo alimwona anacheka kama anavyocheka nyumbani. Akajiambia, huyu si mke wangu? Nimwombe ruhusa ya nini? Akaichapisha kubwa, akaitia fremu, akaitundika chumbani kwake, kwenye nyumba aliyokuwa anaipaka rangi kwa ajili yao. Akataka iwe zawadi.

Dada alikwenda kuona rangi. Jikoni akasifia, sebuleni akasifia. Akafungua mlango wa chumbani, akasimama.

Kijana nyuma yake anatabasamu, anasubiri asifiwe. Dada akauliza taratibu, "Hii si nilisema futa?"

"Mpenzi, iangalie ulivyopendeza."

"Nilisema futa, ukasema umefuta."

"Hakuna aliyeiona. Iko chumbani kwetu, malkia. Mimi ni mumeo."

"Mimi nimeiona," dada akasema.

Hakupiga kelele. Akaomba asogee kidogo apite, kama mnavyoomba njia dukani, akatoka na harufu ya rangi kwenye nguo zake.

Kijana alivunja fremu siku ileile, akaichana picha, akafuta na ile ya kwenye kamera. Akapiga simu haikupokelewa. Akapiga kwa shangazi. Shangazi kwanza alimtetea. Alimwambia dada kwamba wanaume wengine wanaficha madeni, wengine wanaficha watoto, huyu kaficha picha ya mke wake mwenyewe, na kaificha ukutani. Dada akamuuliza, na wale mabinti niliowapeleka, shangazi, mama zao nitawaambiaje? Kwamba anafuta, ila akikupenda hafuti? Shangazi akaisukuma kando pakiti yake ya karanga. Na mwanamke yule kuacha karanga si jambo dogo.

Ikabidi dada azunguke kwa wale mama, mmoja mmoja, awaambie lile neno alilosema analirudisha. Wengine walimshukuru. Mmoja alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza, siku zote hizo ulikuwa unatupeleka kwa mchumba wako? Dada akaenda kwa mama aliyefuata.

Bado ilikuwepo kazi moja aliyokuwa kaikubali zamani, ya nguo za harusi za fundi mmoja, na yeye si mtu wa kukimbia kazi. Alikwenda. Shangazi akarudi kwenye kigoda chake, safari hii hana karanga.

Na kijana alifanya kazi siku ile, jamani. Mlango wazi. "Naomba uinue kidevu." Anainua. "Naomba fundi amshikie shela, mimi nisimguse." Anashikiwa. Gauni jeupe, ushanga mpaka kwenye vifundo vya mikono, dada anang'aa kama bibi harusi kweli, na anayempiga picha ndiye aliyekuwa awe bwana harusi. Fundi hakujua lolote, akawa anawasifia tu, nyinyi mnaelewana sana, mnapendeza. Shangazi akatazama dirishani.

Wakapitia picha. Dada akasema hii futa, na hii. Kijana akafuta, akamgeuzia kamera aone, akamgeuzia tena. Fundi akakusanya magauni yake, akashuka nayo. Ndipo kijana akamfuata dada kwenye ngazi.

"Niambie nifanye nini. Naacha kamera ukitaka. Nauza vyote."

"Kamera haijanikosea."

"Basi nisamehe."

"Nilishakusamehe, mpenzi." Bado alimwita hivyo. "Nakupenda, na simu yako nikiiona najikuta naifuata. Lakini nikilala kwako nitakuwa natafuta kamera iko wapi. Nikioga nitatazama mlango. Nikicheka nitaziba mdomo. Huo si unyumba, ni kazi, tena kazi bila shangazi."

"Itapita. Utazoea."

"Ndicho ninachokiogopa. Kuzoea."

Kijana akataka kumshika mkono. Akakumbuka, akaurudisha mwenyewe mkono wake, ukabaki unaning'inia. Dada aliuona ule mkono ukirudi. Macho yakamjaa machozi, lakini hakurudi nyuma hata ngazi moja.

Mnataka niseme walirudiana baadaye. Hawakurudiana. Dada akashuka. Shangazi akabaki nyuma kidogo, akamtazama kijana kama mtu anayetaka kumpiga kofi au kumkumbatia, akashindwa achague lipi, kisha naye akashuka.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye benchi, anasubiri picha ya kitambulisho, kafunga kitambaa kipya kichwani. Akauliza kama aingie au arudi siku nyingine. Kijana akamwambia aingie. Akamkalisha, akachungulia kwenye kamera, akatoa kitambaa mfukoni akafuta kioo. Akachungulia, akafuta tena. Akafuta mara nyingine.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, kioo kisafi. Ni macho yako hayo."