Sababu: Mtu Yumo Ndani

"Mjomba anataka supu ya nyanya."

Maneno matano tu yalitoka kwenye redio ya Motorola.

Delphine Kowalchuk aliyapokea akiwa amekunjwa ndani ya kreti kama shuka ndani ya begi la safari. Magoti kidevuni. Kifuniko utosini. Juu ya kifuniko, kreti nyingine. Juu ya hiyo, nyingine tena.

Maana ya ujumbe aliijua: fuata kreti mpaka mwisho wa safari yake, na usirudi mikono mitupu.

Kwenda alikuwa ameshakwenda. Kurudi ndiko kulikokuwa na utata.

Asubuhi ile, upande wa Detroit, kwenye ua wa ghala la dawa za wadudu, alijitumbukiza humo kwa hiari yake. Alidhani kifuniko kingebaki kimeegeshwa tu. Akapita mtu na mashine ya kufungia kamba za plastiki. Krrk. Krrk. Kamba mbili, moja ikipita juu ya komeo la kidirisha cha ubavuni. Lori likavuka daraja. Mlangoni mwa Kanada afisa wa forodha aliuliza wamebeba nini, dereva akasema tupu zinazorudi, na tupu zinazorudi hakuna anayezifungua.

Basi Delphine akaingia nchini kwake kama hewa.

Kreti zenyewe ni zile za plastiki ngumu, kubwa kama meza ya watu wanne, ambazo viwanda hutumia miaka nenda miaka rudi. Zinajazwa, zinamwagwa, zinarudi. Sheria yake ni moja na haina huruma: iliyobeba sumu haibebi chakula, hata ioshwe mara mia. Ndiyo maana ubavuni pana alama ya fuvu, imetoka kiwandani pamoja na plastiki yenyewe. Ikizeeka inasagwa, basi.

Rolly Haskett, mwenye karakana ya kuoshea kreti mjini Leamington, alikuwa hasagi kitu. Alikuwa akikwangua fuvu kwa grainda, anachoma mahali pake alama ya glasi na uma, yaani ya vyombo vya chakula, anaosha, anauza. Mteja wake wa leo alikuwa kiwanda cha hapo hapo Leamington, kinachopika nyanya za kulisha watoto wachanga. Kreti sitini zilikuwa tayari zimepakiwa. Lori lao linaondoka saa kumi na moja jioni. Kesho alfajiri zinajazwa nyanya.

Delphine alitazama Timex yake. Saa kumi na dakika kumi na mbili.

Ofisi yake ya serikali kule Ottawa haikumpa bastola. Miaka kumi na tisa akipeleleza vifungashio, na kila mwaka alijaza fomu ya kuomba bastola, na kila mwaka alijibiwa kwa barua nzuri sana. Alichopewa kilikuwa kisu cha Leatherman, kinyago cha kupumulia, redio, kalamu yenye kamera kwenye kofia yake, na kitabu cha lebo nyekundu za kuzuia bidhaa. Karatasi ngumu, tundu juu, uzi wa kuning'inizia. Mistari mitatu: Sababu. Aliyezuia. Aliyeruhusu.

Foklifti ilimshusha kwa kishindo. Kreti za juu ziliondolewa. Kisha akahisi sakafu ya kreti ikitetemeka, taratibu, bila kusimama.

Mkanda. Walikuwa wamemweka juu ya mkanda.

Kreti ilikuwa na tundu la kushikia, pana kiasi cha vidole vinne. Akaweka jicho. Mbele yake zilikuwa kreti saba, na mbele ya hizo saba mdomo wa mtambo wa kuoshea, mapazia ya mpira yakipepea na mvuke ukitoka. Kreti ya kwanza ikamezwa. Mikono ya chuma ikashika kifuniko, ikakata kamba, ikakivua. Kreti ikapinduliwa kichwa chini. Kisha maji: ya moto wa kunyonyoa kuku, yamechanganywa na magadi ya kuchubua rangi.

Dakika nne kwa kreti.

Saba mara nne. Hesabu hiyo aliifanya mara mbili, na mara zote mbili jibu halikumpendeza.

"Mjomba," alinong'ona redioni. "Niko mstarini. Nina dakika ishirini na nane."

"Polisi wako njiani."

"Njia gani?"

Mjomba, yaani Bwana Pruitt, mkuu wake, hakuwa mtu wa kupamba habari. "Ni Agosti, msimu wa nyanya, Delphine. Wako nyuma ya trela la nyanya. Limemwaga kwenye kona. Dakika arobaini."

Alijaribu kisu kwenye ukuta wa kreti. Plastiki ilikuwa nene kama kidole gumba. Kisu kiliacha alama ya kucha. Alisukuma kifuniko kwa mgongo mpaka jasho likamwingia machoni. Kamba haikulegea hata nukta. Unga wa dawa uliobaki kwenye pembe za kreti ulimwasha shingo.

Kupiga kelele? Mtambo ulikuwa unanguruma kama ndege. Na kama angesikika, angesikika kwanza na Haskett, aliyekuwa akizunguka na bastola ya Glock kiunoni, shati la maua limefunguka vifungo vitatu.

Akapitisha kalamu tunduni, akapiga picha. Upande wa kushoto, nyuma ya pazia lililoachwa wazi kidogo, grainda na vumbi jeupe la mafuvu. Ushahidi wa kutosha kumfunga mtu miaka minane. Ulikuwa mikononi mwake, na yeye alikuwa mikononi mwa mkanda.

Kreti sita.

Hapo ndipo aliposikia utani.

Fundi wa grainda, jamaa aitwaye Duquette, alikuwa ametoka kunywa maji na akamkuta, kando kabisa ya kreti ya Delphine, dereva wa foklifti, mzee mrefu wa suruali yenye mikanda ya mabegani na kofia ya majani.

"Corny," Duquette alisema, "nasikia jana uliitundikia lebo nyekundu sandwichi yangu."

"Jibini lilikuwa limepitwa na tarehe."

"Sasa si ungeitupa tu, mzee wangu."

"Lebo nyekundu haitupwi wala hailiwi. Inasubiri sahihi."

Duquette alicheka mpaka akapaliwa. Mzee, Cornelius Dyck, Mkristo wa madhehebu ya Kimenno kutoka nje kidogo ya mji, hakucheka. Alimweleza, bila haraka, kwamba alifanya kazi miaka thelathini na moja Windsor kwenye vipuri vya magari, na mara moja tu alisogeza kitu chenye lebo bila sahihi. Wakamsimamisha kazi siku tatu. Mkewe Aganetha akamtumia siku zote hizo tatu kupalilia matango. Tangu hapo, alisema, akiona wekundu mkono wake unasogea wenyewe.

Delphine alikwishachomoa kitabu.

Aliandika gizani, kwa kupapasa. Aliyezuia: D. Kowalchuk. Kwenye Sababu alisita. Angeweza kuandika ufa, au uchafu. Akaandika ukweli.

Akapitisha lebo tunduni, akafunga uzi kwenye ukingo kwa vidole viwili, akaiacha ining'inie nje.

Kreti nne.

Kreti tatu.

Mzee alikuwa amegeuza foklifti, mgongo kwake, akipanga mbao. Mvuke ulianza kuingia tunduni. Ulikuwa na ladha ya sabuni na chuma.

Kreti mbili. Delphine alivaa kinyago, akafumba macho, akafumbua tena. Kinyago hakizuii maji.

Kreti moja.

Mkanda ukasimama.

Mikono miwili ya chuma ikapita chini yake. Akainuliwa, akageuzwa, akabebwa. Alipotua, tundu lilimwonyesha sakafu yenye mistari ya njano: eneo la vilivyozuiwa. Na buti mbili, na kofia ya majani ikiinama, na miwani ikitolewa mfukoni.

Cornelius alisoma polepole, midomo ikitembea. Alisoma tena.

"Kreti," alisema kwa sauti ya chini. "Una mtu?"

"Ninaye."

"Mzima?"

"Mpaka sasa, mzee."

Kabla hajajibu, Haskett alifika akiuliza ni nani mwendawazimu aliyesimamisha mkanda wake. Cornelius alimwonyesha lebo. Haskett akaisoma, na Delphine aliona kupitia tundu jinsi uso wake ulivyobadilika, kisha ukatulia.

"Irudishe mstarini."

"Bosi, imeandikwa mna mtu."

"Najua kusoma. Irudishe."

Mzee alivua miwani, akairudisha mfukoni.

"Haina sahihi," Cornelius alisema.

Haskett akachomoa Glock. Lakini hakumwelekezea mzee; aliona hana haja. Akainama mbele ya kreti, akaleta mdomo wa bastola tunduni. Delphine akalitazama tundu jeusi ndani ya tundu jeupe. Hakukuwa na pa kusogea. Kushoto plastiki, kulia plastiki, nyuma plastiki.

"Bibi wa serikali," Haskett alisema kwa upole. "Hiyo redio, nipe."

"Ingiza mkono uchukue."

Nyuma yake foklifti ilianza kulia, pip, pip, pip, kama inavyolia ikirudi kinyumenyume. Haskett hakugeuka. Siku nzima ilikuwa inalia hivyo.

Delphine ndiye aliyeona. Mzee alikuwa amebeba kreti tupu juu kabisa, akaizungusha kwenye uma zake mpaka ikaangalia chini, kama alivyofanya maelfu ya mara. Akaja mbele. Akalenga. Akashusha.

Kilo hamsini na tano za plastiki zilimvaa Rolly Haskett kama kofia iliyozidi kipimo. Uma za foklifti zikabaki juu yake, zimekandamiza.

Haskett alifyatua risasi moja. Mlio wake humo ndani ulimtosha; ya pili hakuifyatua.

Duquette alichungulia, akaona, akavua miwani ya kazi na kuondoka kupitia mlango wa nyuma.

"Mzee," Delphine aliita. "Nifungulie. Haraka."

"Siruhusiwi. Lebo hufunguliwa na aliyeiandika."

"Niliyeiandika ni mimi."

"Basi fungua."

"Niko ndani."

Cornelius akatafakari jambo hilo kwa haki kabisa. Huko nje injini ya lori ilinguruma. Saa kumi na dakika hamsini na tano. Dereva alikuwa anawahi.

Delphine alivuta pumzi. Miaka yake kumi na tisa ilikuwa imepita akiwalazimisha watu wafuate taratibu. Hakuwa na wa kumlaumu.

"Nipitishie lebo," alisema.

Lebo ikaingia tunduni. Akasaini gizani, mstari wa tatu, Aliyeruhusu. Ikatoka. Mzee akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Ndipo akakata kamba.

Kidirisha kiliporomoka. Delphine akatoka kwa magoti, kisha kwa miguu, na miguu haikumtambua. Alitaka kukimbia, alianguka. Akampa Cornelius kitabu kizima.

"Lori lile. Zote sitini zilikuwa na mafuvu. Zinakwenda kuwekwa chakula cha watoto."

Mzee alitazama pazia la Duquette. Aliambiwa kule ni karakana ya viraka. Akatoka nje kwa hatua zake ndefu, akapita mbele ya lori lililoanza kusogea, akatundika lebo moja nyekundu kwenye kioo cha pembeni.

Dereva akaitazama. Akazima injini. Akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake, kama mtu anayejua atakaa.

Polisi walifika saa kumi na moja na robo, magari yakiwa mekundu hadi madirishani kwa nyanya. Walikuta mtu amefunikwa na kreti, anaomba kwa sauti nyembamba atolewe, joto litamuua. Kreti ilikuwa na lebo mpya, aliyoitundika Delphine mwenyewe. Sababu: mtu yumo ndani. Aliyezuia: D. Kowalchuk.

Sajenti akamwambia mzee ainue kreti.

"Haina sahihi," Cornelius alisema.

"Mzee, mimi ni polisi."

"Nakuona."

Sajenti akageuka kumtafuta aliyezuia. Delphine alikuwa ameshafika getini, shingo nyekundu kwa mwasho, kinyago kikining'inia. Redio ikakoroma.

"Supu?" Mjomba aliuliza.

"Imezuiwa jikoni."

"Bi Kowalchuk!" sajenti aliita. "Sahihi!"

Delphine alinyoosha mikono yote miwili hewani, mpaka mwisho wake, kushoto na kulia, bila kugusa ukuta wowote. Kisha akachomeka kalamu mfukoni.

"Nakunywa kahawa kwanza," alisema, na akavuka barabara bila kuangalia nyuma.