Bangili Aliyoirudisha Kapteni

Siku Kapteni Harlan alipoondoka, pombe ya mchele mtungini mwa H'Juaih ilianza kunuka damu. Majirani tukasema panya katumbukia. Wapi! Hakukuwa na panya.

Mmarekani yule alikuja kwetu milimani kutafuta watu wa kumsaidia kuwapiga waasi. Tukamvisha bangili ya shaba, akanywa nasi mtungi mmoja mbele ya mizimu, akaapa hatatuacha. Y Dhun, mume wa H'Juaih, na vijana wenzake wakashika bunduki za Kapteni. Kisha wakubwa wake wakamwita. Akiaga, akaivua bangili, akampa H'Juaih kwa adabu zote, eti kumbukumbu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, naye angemkatalia vipi mgeni? Akaipokea. Laiti angeiacha ianguke!

Upatu ukutani ukawa unaguna mchana kweupe bila kuguswa, na jioni buti zilizolowa, zisizo na mtu, zikapanda ngazi, choboko, choboko, zikapita nyuma ya kila aliyekaa kula, zikimnusa mmoja mmoja, na asubuhi kila mmoja wetu akaamka na alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono.

"Mke wangu, kaitupe mtoni," Y Dhun alinong'ona.

"Nimeshaitupa. Nimeikuta kwenye chungu cha wali."

Mganga, bibi H'Lem, hakutaka hata kuishika. "Mzimu unamdai aliyeapa. Hayupo, na nyie mmempokelea kiapo. Mmoja aivae, na asiondoke kijijini maisha yake yote."

H'Juaih akanyoosha mkono. Mumewe akamwahi. "Wewe tena! Mtoto atanyonya kwangu?" Alitania, akaivaa. Harufu ya damu ikakatika. Tukanywa, tukacheka, wajinga sisi.

Miaka ikapita, waasi wakatuzingira, helikopta ya mwisho ikashuka. Tulipanda, H'Juaih na mwanawe mbele yangu, akamshika mumewe mkono amvute. Bangili ikabana. Tulisikia mfupa ukivunjika, na nyuma ya Y Dhun, kwenye vumbi kavu, nyayo za buti zikachorwa kwa maji, moja baada ya nyingine, hadi visiginoni mwake.

"Niachie, mke wangu. Niachie umlee mtoto."

Akamwachia. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa tunaishi nchi ya Kapteni huyohuyo. Juzi H'Juaih alikuja kwangu. "Dada, mwanangu kaamka na alama mkononi. Jikoni sakafu imelowa."

Nilimkumbatia, nikamwambia ni mzio tu. Kisha nikavuta mkono wa sweta, nikaifunika alama ya kwangu.