Ushanga Upi Umekosea?

Tumbo la Zaituni lina joto na giza. Humo anaishi bakteria mmoja, Mama Kijiti.

Ndani ya Mama Kijiti mna uzi mrefu wa shanga. Shanga hizo humfundisha kula maziwa.

Leo Mama Kijiti atapata mtoto. Uzi mpya unatungwa, ubavuni mwa uzi wa zamani. Tii, tii, tii. Shanga zinaingia mbio mbio.

Papasa ni mdogo kuliko wote humo. Yeye hupita nyuma, akizigusa shanga mbili mbili, mmoja wa kila uzi.

"Kubwa kwa ndogo, ndogo kwa kubwa. Papasa, papasa, naenda."

Nyuma kabisa anakuja Babu Nta. Yeye hudondosha nta kwenye kila uzi mpya. Do... do... do.

"Babu, kobe atakupita," Papasa anamtania.

"Na apite, mjukuu wangu."

"Kubwa kwa ndogo, ndogo kwa kubwa. Papasa, pa..."

Papasa anasimama. Hapa pamevimba. Kubwa kwa kubwa!

Ushanga mmoja umekosea. Lakini upi? Papasa anagusa huku. Anagusa kule. Hajui.

"Dada Mkasi, njoo ukate," Papasa anamwita mkata nyuzi.

"Nikate uzi upi?"

"Huu. Hapana, ule. Ah, sijui."

"Nikikosea, mtoto hatajua kula maziwa," anasema Dada Mkasi. "Atashinda na njaa."

Papasa amechanganyikiwa. Anataka kulia.

Do... do... do. Babu Nta anakaribia.

Papasa anagusa tena, polepole. Uzi huu una nta. Uzi ule hauna.

"Babu, ule usio na nta, hujaufikia?"

"Bado, mjukuu wangu. Nakuja."

"Basi huo ndio mpya. Ndio uliokosea. Babu, simama hapo hapo. Usidondoshe kitu."

Babu Nta anasimama. Kusimama anakuweza sana.

Kwacha. Dada Mkasi anakata uzi mpya. Ushanga mkubwa unatoka. Mdogo unaingia.

"Kubwa kwa ndogo," Papasa anasema. Uvimbe umekwisha.

"Haya Babu, pita." Do... do... do.

Mama Kijiti anajivuta, anajivuta. Pwa. Sasa wako wawili.

Huko nje Zaituni anamaliza maziwa yake na kupiga miayo. Ndani, Kijiti mdogo anaonja. Anaonja tena. Anajua kula.

Papasa amechoka. Anajilaza kando ya Babu Nta.

"Babu, kesho uchelewe tena."

"Nitachelewa, mjukuu wangu. Lala."